Vita vya Mengo (2): Ziwa Laamua

Toleo lililopita lilimwacha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwenye ikulu ya Mengo, Wakatoliki wakiwa Rubaga na Waprotestanti Namirembe. Wale waliitwa Wafaransa, hawa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Kwenye kilima cha Kampala alikaa Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa, na mzinga wake wa Maxim.

Cheche ilikuwa bunduki moja. Mprotestanti aliuawa katika ugomvi juu yake, Mwanga akamwachilia mshtakiwa Mkatoliki, Lugard akashikilia kwamba lazima auawe. Akawagawia Waprotestanti mamia ya bunduki. Huyo ndiye aliyejiita msuluhishi!

Jumapili, 24 Januari 1892, risasi zikalia. Kanisa la Rubaga likateketea, na Mwanga akakimbilia Bulingugwe, kisiwa kilicho karibu kabisa na bara.

Hapo ndipo vita vilipoamuliwa. Mwanga alikuwa amejificha humo humo mwaka 1889 akapona, kwa sababu maadui zake wa wakati ule hawakuwa na nguvu majini. Safari hii, tarehe 30, Kapteni Williams, msaidizi wa Lugard, alivuka na Maxim. Watu waliparamia mitumbwi, wanawake na watoto miongoni mwao. Mingi ikapinduka, wengi wakazama.

Wasomaji wa historia ya Roma watayakumbuka mapigano ya majini ya Actium, mwaka 31 kabla ya Kristo. Antony naye aliponyoka kwa maji, akiwaacha askari wake wajisalimishe kwa Octavian. Lakini Antony alijiua mwaka uliofuata, ilhali Mwanga, aliyefika hadi upande wa Wajerumani, alibembelezwa arudi. Lugard alihitaji Kabaka wa kutia saini. Aprili mkataba ukapatikana: Wakatoliki wakasukumwa jimbo la Buddu, na Waislamu wakapewa sehemu ndogo. Ufaransa ililalamika mpaka Uingereza ikalipa fidia ya pauni 10,000 mwaka 1898.

Mkaazi wa Obunga, hapa Kisumu, anayenunua mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu) jioni atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Uganda ilitangazwa nchi lindwa mwaka 1894, na utawala wake ukasogea mashariki hadi kwetu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imefika Uganda. Mkoa huu ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902.

Jinsi Apolo Kagwa na Stanislaus Mugwanya walivyogawana ukatikiro, yaani cheo cha waziri mkuu wa Kabaka, ni habari ya toleo lijalo.