Jim Brown: Nguli aliyeondoka uwanjani akiwa kileleni

Katikati ya mwezi Julai mwaka 1966, mchezaji mashuhuri kuliko wote katika mpira wa Kimarekani alikutana na waandishi wa habari nchini Uingereza, mahali ilipokuwa ikitengenezwa filamu ya vita iitwayo The Dirty Dozen, ambayo naye alikuwa miongoni mwa waigizaji wake.

Jim Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 30, alitangaza kwamba hatacheza tena.

Hakuwa majeruhi, wala hakuwa ameishiwa nguvu. Katika msimu uliokuwa umetangulia aliongoza ligi nzima kwa mbio, akachaguliwa kuwa mchezaji bora, na timu yake ya Cleveland Browns ikafika fainali.

Kazi ya mkimbiaji

Mpira wa Kimarekani, tofauti na kandanda, huchezwa zaidi kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10, yaani kiasi cha mita 9. Ikifaulu hupewa majaribio mengine, na ikishindwa mpira huwaendea wapinzani.

Brown alicheza nafasi ya mkimbiaji. Huyu husimama nyuma ya ukuta wa wenzake, hukabidhiwa mpira, kisha hutafuta upenyo kati ya mabeki ambao kazi yao ni kumwangusha. Akivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, timu yake hupata alama 6, na tendo hilo huitwa tachidauni.

Ni kazi inayochakaza mwili haraka, na wakimbiaji wengi hawadumu.

Brown alidumu misimu 9, kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, bila kukosa hata mchezo mmoja kati ya michezo 118 ya ligi. Katika misimu 8 kati ya hiyo, ndiye aliyeongoza kwa yadi za kukimbia. Alipoacha alikuwa amekimbia yadi 12,312, sawa na zaidi ya kilomita 11, karibu kila hatua ikiwa na mtu wa kumzuia.

Alikuwa na mazoea moja yaliyowasumbua wapinzani. Kila alipoangushwa, aliinuka polepole na kurudi mahali pake kwa mwendo wa taratibu, awe ameumia au hakuumia. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua ni lini ameumia kweli.

Kutoka kusini

Brown alizaliwa Februari 17 mwaka 1936 katika kisiwa cha St. Simons, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa sheria katika eneo hilo. Akiwa na umri wa miaka 8 alimfuata mama yake, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani huko Long Island, jimbo la New York. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Asili hiyo husaidia kueleza uamuzi wa mwaka 1966. Mvua ilikuwa imechelewesha upigaji wa filamu, na mmiliki wa Cleveland Browns, Art Modell, alitishia kumtoza faini kwa kila siku ambayo angekosa kambi ya mazoezi.

Siku hizo mchezaji hakuwa na uhuru wa kuhamia klabu nyingine apendavyo. Mwajiri ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Brown hakulipa faini, wala hakurudi kambini. Alistaafu.

Mkutano wa Cleveland

Mwaka huohuo alianzisha chama cha kuwasaidia Wamarekani weusi kumiliki biashara zao.

Juni 4 mwaka 1967 aliwakutanisha mjini Cleveland wanamichezo weusi mashuhuri, akiwemo Bill Russell wa mpira wa kikapu, ili wamsikilize Muhammad Ali, bondia ambaye miaka 7 baadaye angeitikisa Kinshasa kwa pambano lake na George Foreman. Ali alikuwa amekataa kujiunga na jeshi wakati wa vita vya Vietnam na kupokonywa ubingwa. Baada ya kumhoji kwa saa kadhaa, walitoka na kumuunga mkono hadharani.

Mwaka 1988 Brown aliasisi mpango wa Amer-I-Can, uliowafunza vijana wa magenge na wafungwa namna ya kuyamudu maisha yao.

Hata hivyo, jina lake lina doa. Mara kadhaa alishutumiwa kuwafanyia wanawake ukatili. Mwaka 1999 alipatikana na hatia ya kuharibu gari la mke wake, na mwaka 2002 alifungwa jela baada ya kukataa ushauri nasaha ulioamriwa na mahakama. Mtu aliyewafundisha vijana kuzitawala hasira zao alijikuta akidaiwa somo hilohilo.

Rekodi na urithi

Rekodi yake ya jumla ya yadi ilivunjwa na Walter Payton wa Chicago Bears mwaka 1984. Mwaka 2002 Emmitt Smith alimpita Payton, akamaliza na yadi 18,355. Wote wawili, hata hivyo, walicheza misimu mingi zaidi kuliko Brown. Wastani wake wa yadi 104.3 kwa kila mchezo ulikuwa bado haujafikiwa na yeyote alipofariki dunia mjini Los Angeles, Mei 18 mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 87.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ligi ya NFL ilianzisha tuzo yenye jina lake kwa mchezaji anayeongoza msimu kwa yadi za kukimbia.

Wakimbiaji wengi huondolewa uwanjani na goti lililovunjika au na mwajiri aliyempata kijana mwenye kasi zaidi. Jim Brown alijichagulia mwenyewe siku ya kuondoka.