Salamu Kabla ya Pingu: Heshima ya Polisi Mbele ya Raia wa Songea

Kazi ya polisi katika mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, hutegemea kitu ambacho hakuna bajeti ya serikali inayoweza kukinunua, nacho ni utayari wa raia kuzungumza. Pikipiki ya wizi iliyofichwa uani, nyumba inayopokea mali zisizo na mwenyewe, kijana aliyeanza ghafla kutumia fedha ambazo hakuna ajuaye alikozitoa, hayo yote huonwa kwanza na majirani, wauza mboga wa soko kuu, madereva wa bodaboda na wenyeviti wa mitaa, kabla hayajaandikwa katika daftari la kituo chochote. Raia anayemwogopa askari humkwepa, na anayemkwepa hamwambii neno. Ndiyo maana adabu ya askari, ambayo wengi huichukulia kuwa pambo la kazi, kwa hakika ni sehemu ya uwezo wa polisi wa kuzuia na kupeleleza uhalifu.

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mitaani huchanganywa mara nyingi, yaani kuogopwa na kuheshimiwa. Askari anayeogopwa hutiiwa pale alipo na kwa muda anaokuwepo, na akishageuka kona watu hurudia walilokuwa wakilifanya, tena wakiwa na kinyongo; askari anayeheshimiwa hutiiwa hata asipoonekana, kwa sababu mtu amekubali moyoni kwamba amri yake ni ya haki. Tofauti hii si ya maneno tu, kwa kuwa mji wenye wakazi wengi na askari wachache hauwezi kulindwa kwa macho ya askari peke yake.

Historia ya Songea inaeleza kwa nini kuogopwa kulitangulia kwa muda mrefu. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1897, na askari waliotoka humo walijulikana vijijini kwa kodi, kazi za kulazimishwa na viboko, hasa ile adhabu ya viboko ishirini na vitano iliyoitwa hamsa ishirini. Vita vya Majimaji, ambavyo wenyeji walipigana na utawala wa Wajerumani, vilipozimwa, zaidi ya watu 60 miongoni mwa viongozi na wapiganaji walinyongwa mjini tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji una jina lake, naye akanyongwa siku chache baadaye. Mashamba na maghala yaliteketezwa, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Kwa mzee wa Ungoni aliyesimuliwa hayo na babu yake, mtu mwenye sare na silaha hakuwa mlinzi wake hata kidogo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliunda polisi mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto, lakini hawakuleta mfano wa polisi waliokuwa nao kwao. Polisi wa London, walioanzishwa na waziri Robert Peel mwaka 1829, walijengwa juu ya wazo la kwamba askari hupata nguvu zake kwa ridhaa ya wananchi, hivyo kwa kawaida walitembea mitaani bila bunduki. Makoloni yalipewa mfano mwingine, ule wa kikosi cha Ireland kilichokaa kambini, kikabeba silaha na kuwatazama wenyeji kama watu wa kudhibitiwa. Uhuru wa mwaka 1961 ulibadilisha bendera na viongozi, ila kambi, gwaride na desturi ya kumsemesha raia kwa ukali zilirithiwa karibu nzima nzima, na hapana budi kusema kwamba urithi huo haujaisha.

Gharama yake ilionekana wazi tarehe 22 Februari 2012. Baada ya mfululizo wa mauaji ambayo watu wengi mjini waliyahusisha na imani za kishirikina, wakazi wa Songea, wakiwamo madereva wengi wa bodaboda, waliandamana wakitaka serikali iwalinde. Polisi walitumia mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu wasiopungua wawili waliuawa. Hayo yalitokea siku tano tu kabla ya kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, ambayo mji huiadhimisha kila mwaka. Jambo zito kuliko yote katika tukio hilo ni kwamba waandamanaji hawakuwa wakiwakataa polisi, walikuwa wakiwahitaji. Walikwenda kudai ulinzi wakakutana na risasi, na kwa kufanya hivyo polisi waliwapoteza watu walewale ambao wangeweza kuwasaidia kuwapata wauaji. Miezi sita hivi baadaye, Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi huko Nyololo, wilayani Mufindi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Yote hayo yalitukia wakati mageuzi yalikuwa yamekwisha kutangazwa. Said Mwema, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kuanzia mwaka 2006 hadi 2013, alianzisha mpango wa Polisi Jamii, maana yake utaratibu ambao askari na wakazi wa eneo hukaa pamoja, hutambua chanzo cha uhalifu wao na kukubaliana namna ya kukizuia, badala ya polisi kungoja tukio na kulifuata kwa gari la difenda. Ulienda sambamba na wito wa kutii sheria bila shurti, wito ambao mara nyingi ulielekezwa kwa raia, ingawa askari ndiye aliyestahili kuusikia kwanza. Baadaye ukaja mfumo wa polisi kata, ambamo mkaguzi au mkaguzi msaidizi hupangiwa kata moja, iwe Mfaranyaki, Msamala au Matarawe, ili akae nayo, aijue na ajulikane. Mpango huu una thamani kubwa kwa sababu moja rahisi: ni vigumu kumtukana mtu ambaye kesho utakutana naye msibani, na ni rahisi kumwambia siri mtu ambaye watoto wake wanasoma na wako.

Wataalamu wa sheria na saikolojia wana jina la heshima ya namna hii, nalo ni haki ya utaratibu. Kwa maelezo mepesi, watu wanaokutana na chombo cha dola hawapimi tu kama walishinda au walishindwa, bali hupima pia jinsi walivyotendewa: kama walisikilizwa kabla ya uamuzi, kama kanuni ileile ilitumika kwa maskini na kwa tajiri, kama walisemeshwa kwa staha, na kama waliona nia njema kwa aliyekuwa akiamua. Mtafiti Tom Tyler wa Marekani, aliyewahoji watu 1,575 mjini Chicago mwaka 1984, aliona kwamba mtu hutii sheria zaidi kwa kuamini kuwa wenye mamlaka ni halali kuliko kwa kuogopa adhabu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, mwaka 2009 na 2010, polisi wa barabarani walifanya operesheni 60 za kupima ulevi wa madereva, na katika nusu ya operesheni hizo askari walitakiwa waeleze kwa nini wanasimamisha magari, wakiri uchungu wa kuwapa familia taarifa za vifo vya ajali, wamwulize dereva maoni yake, kisha wamshukuru. Mazungumzo hayo yalikuwa mafupi, na madereva waliosemeshwa hivyo walionyesha kuridhika na kuwakubali polisi kuliko wenzao waliopimwa kwa utaratibu wa kawaida.

Msomaji wa Songea hahitaji kwenda Australia ili aelewe maana ya matokeo hayo, maana njia ya kutoka Makambako hadi Songea, na zile za kuelekea Mbinga na Tunduru, zina vituo vya ukaguzi vya kutosha. Dereva wa basi au wa lori la mahindi husimamishwa mara kadhaa katika safari moja, na kila mara huweza kuelezwa sababu au kuachwa akisubiri juani bila neno. Askari anayeanza kwa salamu, akasema jina lake, akataja kosa na kifungu, akampa dereva nafasi ya kujieleza, anaweza hata kumtoza faini na bado wakaachana vizuri. Katika jamii ya Waswahili salamu ina uzito wake: konstebo wa miaka 25 anayemwambia shikamoo mama mwenye umri wa bibi yake, kisha akamwomba afungue mzigo wake akaguliwe, hajapungukiwa na mamlaka yoyote, kwa sababu ukaguzi umefanyika na mama ameondoka akijua kwamba sare haikumfuta utu wake.

Hata hivyo, ni lazima tahadhari itolewe, kwa kuwa ipo adabu ya uongo. Askari anayetabasamu, akamwita dereva kaka yangu, kisha akadokeza habari ya fedha ya chai, hajamfanyia heshima; amemwibia kwa sauti laini. Vivyo hivyo, kituo chenye lugha nzuri kaunta lakini kinachobambikia watu kesi, yaani kuwasingizia makosa wasiyoyafanya, hakiwezi kusifiwa kwa upole wake. Adabu inayozungumziwa hapa haitengani na uadilifu, na pale vinapotenganishwa raia hugundua haraka, tena humchukia mlaghai kuliko mkali.

Wengi husahau pia kwamba adabu hii si fadhila ya askari mwema, bali ni amri ya sheria. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inalinda heshima ya utu wakati wa upelelezi na inakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kumkamata, asitumie nguvu kupita inayohitajika, amtendee aliye chini ya ulinzi kwa ubinadamu, na amruhusu awasiliane na ndugu au wakili wake. Dhamana ya polisi nayo hailipiwi hata shilingi. Mtu aliyejeruhiwa anahitaji fomu ya polisi namba tatu, ambayo wengi huiita PF3, kwa ajili ya ushahidi, na mlalamikaji anahitaji namba ya RB, maana yake kumbukumbu ya taarifa yake daftarini. Hapo kaunta, kwa watu walioumizwa au kuibiwa, ndipo heshima ya polisi wote hujengwa au hubomolewa, kwa kuwa mwanamke aliyepigwa na mumewe, akijibiwa kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, hatarudi, na jirani yake atakayesikia habari hiyo hatakwenda kabisa. Madawati ya jinsia na watoto yalianzishwa vituoni ili kuondoa aibu hiyo, na yanafanya kazi pale tu askari wake wanapochaguliwa kwa uvumilivu wao na kupewa chumba chenye faragha.

Wapo wanaosema kwamba upole utawafanya wahalifu wawadharau polisi. Hoja hiyo inachanganya upole na ulegevu. Jambazi mwenye bunduki atakabiliwa kwa nguvu inayolingana na hatari yake, na sheria inaruhusu hivyo. Linalokatazwa ni kumpiga aliyekwisha kufungwa pingu, kumtukana shahidi, au kulitendea soko zima kama genge kwa sababu ya mwizi mmoja. Askari mwenye uhakika na sheria hana haja ya kupiga kelele, na ukali usio na sababu mara nyingi hufunika kutojua taratibu.

Kuna somo moja la mwisho, nalo limetoka Uskoti, ambako mwaka 2013 na 2014 jaribio la Queensland lilirudiwa bila mafanikio yaliyotarajiwa: imani ya madereva haikupanda, na katika baadhi ya vipimo ilishuka. Watafiti walipotafuta sababu walizungumza na askari wenyewe, wakakuta kwamba wengi waliona mpango ule umeshushwa kutoka juu bila wao kusikilizwa wala kuelezwa vya kutosha. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito mkubwa. Konstebo anayelala na familia yake katika chumba kimoja cha kota chakavu, anayehamishwa bila maelezo na kukaripiwa mbele ya wenzake, anafundishwa kila siku namna ya kumtendea aliye chini yake, na aliye chini yake ni raia. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilipendekeza polisi ifumuliwe na iwe chombo cha kutoa huduma badala ya jeshi, kama Kenya ilivyofanya kwa katiba yake ya mwaka 2010. Mageuzi hayo yakifika Songea, kipimo chake cha kwanza kiwe jinsi mkuu wa kituo anavyozungumza na askari wake kwenye gwaride la asubuhi, na cha pili kiwe vigezo vya kupandisha vyeo, ili askari ambaye wakazi wa kata yake humpelekea taarifa kwa hiari apande kabla ya yule anayejivunia idadi ya watu aliowasweka mahabusu.