Jinsi ya Kujitengenezea Tovuti ya Kwanza: Anza na Jina Lako

Ukipanda matatu ya 111 kutoka mjini, ukifika kati ya Dagoretti Corner na Racecourse utawaona mafundi wa fanicha wamepanga vitanda, sofa na meza kando ya Ngong Road. Kwa miaka mingi bango lao limekuwa barabara yenyewe: mtu anapita, anaona kiti kizuri, anasimama, anauliza bei. Barabara ilipopanuliwa, mafundi wa kandokando ilibidi wasogee. Na fundi akisogea hata mita mia tano tu, mteja wa mwaka jana anayerudi kutafuta meza ya pili hamwoni. Ananunua kwa jirani.

Mtandaoni mambo ni yale yale. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Aliyekuwa anauzia huko pekee alifunga duka bila kupenda. Kisha Machi 2024, Google ilizima zile tovuti ndogo za bure ambazo wenye biashara walijitengenezea kupitia wasifu wao wa biashara wa Google. Uliyechapisha anwani ile kwenye kadi na mifuko, pole, ilikubidi uanze upya.

Hatusemi uache kuuza kwa WhatsApp au Instagram. Wateja wako wako huko, endelea. Tunachosema ni hiki: uwe na mahali pamoja mtandaoni ambapo jina ni lako, ili hata ukihama, mteja akuandame bila kupotea. Na siku hizi si lazima ujue kodi za kompyuta.

Tovuti ni vitu vitatu

Kabla hujamlipa mtu yeyote, elewa unachonunua. Tovuti ina vitu vitatu:

1. Jina, yaani ile anwani mtu anaandika kwenye simu. Mafundi huliita domeni. Hilo ndilo bango lako.
2. Nafasi kwenye seva, yaani mahali kurasa zako zinakaa. Hicho ni kibanda, na unakodisha.
3. Kurasa zenyewe: picha, bei, maelezo. Hizo ni bidhaa ndani ya kibanda.

Kibanda unaweza kuhama. Bidhaa unaweza kubadilisha. Lakini bango likiwa mikononi mwa mtu mwingine, siku mkikosana anabaki na wateja wako. Ndiyo maana tunaanza na jina.

Hatua ya 1: Sajili jina, na lisajiliwe kwako

Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way. Lakini huhitaji kwenda huko. Unanunua kupitia wakala aliyeidhinishwa, na orodha yao iko kwenye tovuti ya KeNIC. Wengi wanapokea malipo ya simu, kwa hivyo huhitaji kadi ya benki.

Kuna aina kadhaa. Biashara nyingi huchukua .co.ke. Mashirika na vikundi vya jamii huchukua .or.ke. Kama ni ukurasa wako binafsi, kwa mfano wewe ni mpiga picha au mwalimu wa muziki, .me.ke inakutosha. Siku hizi unaweza pia kuchukua .ke yenyewe bila kitu katikati, ila kawaida ni ghali zaidi. Zile za .go.ke ni za serikali na .ac.ke ni za vyuo. Hizo haziuzwi kwa kila mtu.

Jina la .co.ke kwa kawaida linagharimu kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka. Ukiona ofa ya bei ya chini sana, uliza swali moja: mwaka wa pili ni pesa ngapi? Jina hulinunui mara moja ukamaliza, unalilipia kila mwaka. Ukisahau, linafungwa, na baadaye mtu mwingine anaweza kulichukua.

Chagua jina fupi ambalo mtu akisikia kwa simu anaweza kuliandika bila kukuuliza mara mbili. Epuka vistari na tarakimu. Na kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya mawili:

- Akaunti ya wakala imefunguliwa kwa barua pepe yako, wala si ya fundi, binamu au mwenye saiba.
- Jina la mmiliki lililoandikwa ni lako au la biashara yako.

Hili la pili linawaumiza watu sana. Fundi anakutengenezea tovuti nzuri, anasajili kila kitu kwa jina lake "ili iwe rahisi", kisha baada ya mwaka hashiki simu. Tangazo la kulipia upya linaenda kwake, wewe unashtukia tu tovuti haifunguki. Kama tayari una tovuti, ingia leo kwenye huduma ya WHOIS ya KeNIC uone jina lako limesajiliwa kupitia wakala gani na linaisha lini. Kisha mwombe fundi akuhamishie akaunti mkiwa bado mnaelewana.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kutengeneza

Kuna njia nne ambazo anayeanza anaweza kufuata.

*Google Sites au Blogger.* Zote ni za bure, unahitaji akaunti ya Gmail pekee. Google Sites ni kama kupanga karatasi: unavuta picha, unaweka maandishi, unachapisha. Blogger inafaa kama unapenda kuandika mara kwa mara. Zote mbili zinakuruhusu kuunganisha jina lako la .co.ke bila kulipia huduma yenyewe. Ubaya ni kwamba muonekano haubadiliki sana, na kuhariri Google Sites ni rahisi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu. Andaa picha na maneno nyumbani, kisha chukua saa mbili saiba.

*Wix na huduma kama hiyo.* Unachagua muundo uliokwisha pambwa, unabadilisha picha na maneno. Ya bure ipo, lakini inabeba matangazo yao na huwezi kuweka jina lako mwenyewe. Kuweka jina lako ni kulipia, na bei mara nyingi ni ya dola. Dola ikipanda, bili yako nayo inapanda.

*WordPress.* Programu hii ilianza mwaka 2003, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaitumia. Faida yake ni kwamba programu ni ya bure na unaweza kuihamisha kutoka seva moja hadi nyingine. Mawakala wengi wa hapa nchini wanakuuzia nafasi kwenye seva ambapo unaiweka kwa kubofya mara chache. Gharama yake nyingine ni nidhamu: lazima uisasishe mara kwa mara, la sivyo wezi wanaingilia kwenye matundu ya zamani.

*Kuandika mwenyewe kwa HTML.* Usiogope. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, ilikuwa maandishi na linki tu. Kuna masomo ya bure kama ya freeCodeCamp, na ukimaliza ukurasa wako unaweza kuuweka kwenye GitHub Pages bila kulipa. Kijana wa nyumbani aliyemaliza shule anaweza kujifunza hili, na pengine likawa kazi yake.

Usipoteze mwezi mzima ukichagua. Ukishakuwa na jina lako, unaweza kuanza na Google Sites mwaka huu, ukahamia WordPress mwaka ujao, na mteja asijue kuna kilichobadilika. Anaandika anwani ile ile, anakupata.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja unatosha

Chukua mfano wa mtu anayeuza viatu kwenye stoli za exhibition pale Moi Avenue. Mteja anajua jengo, lakini ndani ni ngazi na vichochoro, na stoli zote zinafanana. Ukurasa wake unahitaji vitu hivi tu:

- Anauza nini, kwa sentensi moja.
- Jengo gani, ghorofa ya ngapi, namba ya stoli, na picha ya mlango.
- Picha sita za bidhaa, kila moja na bei. "DM kwa bei" inafukuza watu.
- Saa za kufungua, na kama anatuma mzigo.
- Namba ya simu na linki ya WhatsApp.
- Jinsi ya kulipa.

Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuziweka. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB tatu au nne. Ukiweka sita kama zilivyo, mteja aliye ndani ya matatu ya 46 akielekea Kawangware, bando likiwa limebaki kidogo, atafunga kabla haijafunguka. Zibane zifike chini ya KB 200 kila moja. Kisha fungua ukurasa kwenye simu ya bei nafuu, usitazame kwenye kompyuta pekee.

Hatua ya 4: Kulipwa bila kulia

Kwa anayeanza, njia rahisi ni kuonyesha namba yako ya Till au Paybill kwenye ukurasa. Andika pia jina litakalotokea mteja akilipa, hivi: "Utaona jina hili kwenye simu yako. Ukiona jina tofauti, sitisha malipo." Sentensi hiyo inamlinda mteja na inakujengea imani. Mtu anayetuma diposito ya sofa kwa fundi ambaye hajawahi kumwona ana hofu halali. Jina la kwenye tovuti likifanana na la kwenye simu, hofu inapungua.

Baadaye, mauzo yakiongezeka, unaweza kuunganisha mfumo unaotuma ombi la malipo moja kwa moja kwa simu ya mteja, naye anaweka PIN tu. Hilo linahitaji fundi anayejua kazi. Usikimbilie siku ya kwanza.

Kumbuka haya:

- Usitoe mzigo kwa sababu ya picha ya skrini au SMS ambayo mteja anakuonyesha. Angalia ujumbe wako mwenyewe au taarifa ya akaunti yako.
- Kila wiki, fungua tovuti yako kama mteja na usome namba ya malipo kwa sauti. Mwizi akiingia, si lazima aharibu kitu. Anabadilisha tarakimu chache, na wateja wako wanamlipa yeye.
- Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, kwa wakala wa jina na kwenye tovuti. Anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za hivyo vingine vyote.
- PIN haiandikwi popote kwenye tovuti, wala haombwi mteja. Sisi pia hatuwezi kukupigia simu kuuliza PIN yako.

Kama ukurasa wako unakusanya majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu, hata ukiwa na biashara ndogo. Omba unachohitaji tu, na usiuze wala kugawa namba za watu.

Ukiamua kumlipa fundi

Hakuna ubaya. Lakini mkubaliane kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: jina litasajiliwa kwangu, nywila zote nitapewa, nitaonyeshwa jinsi ya kubadilisha bei na picha mwenyewe, na bei ya mwaka wa pili ni hii. Lipa kwa awamu, na malipo ya mwisho yatoke baada ya wewe kuingia mwenyewe na kubadilisha picha moja. Fundi mzuri hatakasirika.

Wikendi hii

Ijumaa jioni, andika majina matatu unayoyapenda na uangalie kama yako huru. Jumamosi, sajili moja kwa barua pepe yako. Jumapili, piga picha sita mchana kweupe na uandike bei. Wiki ijayo, tengeneza ukurasa. Kisha weka kikumbusho kwenye simu, mwezi mmoja kabla jina halijaisha.

Ukishamaliza, andika anwani hiyo kwenye stakabadhi, kwenye mfuko, na kwenye wasifu wako wa WhatsApp. Kesho ukihama stoli, au wakipanua barabara tena, unabadilisha mstari mmoja tu unaosema uko wapi.