UTUMBO UNAOONEKANA MZIMA

Chukua kisu ukate embe lililooza upande mmoja. Ile sehemu nyeusi utaitupa, hilo halina ubishi. Je, ile nyama ya manjano iliyo pale pale kando ya uozo, utaila? Wengi wetu hukata upana wa kidole kimoja zaidi ndipo tukala, kwa sababu ulimi umeshatufundisha kuwa ladha huharibika kabla jicho halijaona lolote. Habari ninayotaka kuwaelezeni ni ya namna hiyo hiyo, ila si ya embe. Ni ya utumbo mpana wa binadamu ulioingiwa na saratani.

Swali lenyewe liliingia kwetu mjomba alipofanyiwa upasuaji. Alikuwa ametokwa na damu chooni miezi mingi akidhani ni bawasiri tu. Uvimbe uliotolewa ulikuwa mdogo kuliko yai la kuku, lakini utumbo uliokatwa ulikuwa mrefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mkazamjomba akashangaa: mbona wamemkata hadi penye uzima?

Jibu la kwanza ni rahisi. Kandokando ya mishipa ya damu inayolisha utumbo kuna tezi ndogo ndogo za limfu, na seli za saratani hupenda kukimbilia humo. Daktari hawezi kuziondoa tezi hizo na mishipa yake bila kuondoa pia kipande cha utumbo kinacholishwa na mishipa hiyo. Tena hujitahidi kuacha angalau sentimita 5 za utumbo safi kila upande wa uvimbe. Lakini liko jambo la pili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: huo "uzima" wa kando si uzima kamili.

Tuuangalie utumbo mpana wenyewe. Una urefu wa kama mita moja na nusu. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na utando laini wenye mamilioni ya vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Seli mpya huzaliwa chini kabisa ya kishimo, hupanda polepole kama watu kwenye ngazi, na baada ya siku 4 au 5 hivi hufika juu, zikafa na kwenda na kinyesi. Baadhi yake zina umbo la bilauri na kazi yake ni kutengeneza ute wa kulainisha njia. Ute huu si maji matupu. Ni protini iliyobeba minyororo ya sukari, na katika utumbo mpana ulio mzima, sehemu kubwa ya minyororo hiyo imeshikiliwa na salfeti, yaani chumvi yenye salfa.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Wataalamu wana rangi mbili za maabara: moja huupaka ute wenye salfeti rangi ya kahawia iliyokoza karibu iwe nyeusi, na nyingine huupaka buluu ute wenye asidi ya sialiki, ambayo ni jamii nyingine ya sukari. Mwaka 1974 Filipe na Branfoot walieleza walichokiona kwa hadubini katika utando ulio jirani na saratani, utando ambao kwa macho haukuwa na kasoro. Kumbe salfeti imepungua na asidi ya sialiki imeshika nafasi yake! Palipostahili kuwa kahawia pamekuwa buluu. Vishimo navyo huwa virefu na vipana kuliko kawaida. Na si ute peke yake. Watafiti wengine wamepima katika utando wa jirani kemikali ziitwazo poliamini, ambazo seli huzihitaji zinapogawanyika, wakazikuta zimezidi.

Basi wataalamu wakagawanyika. Wa kwanza wakasema huu ni ugonjwa wenyewe uko njiani. Wa pili wakasema la, jirani anaugua kwa sababu tu anakaa karibu na mwenye fujo: uvimbe unamsukuma, unamvutia damu, unamletea uchochezi. Mwaka 1979 Isaacson na Attwood waliwapa wa pili nguvu, kwani walionyesha kuwa mabadiliko kama hayo hupatikana hata kando ya magonjwa mengine ya utumbo yasiyo saratani. Kwa hiyo buluu peke yake si hukumu ya saratani, na mtu asitishwe nayo.

Lakini wa kwanza hawakushindwa. Tangu mwaka 1953 Slaughter na wenzake wa Marekani, waliochunguza saratani za kinywani, walikuwa wamesema kuwa shamba zima linaweza kuharibika kabla ya gugu moja kuchomoza. Mwaka 2005 Shen na wenzake wakatazama jeni iitwayo MGMT katika utumbo mpana. Jeni hii ni fundi: hurekebisha DNA inapoharibika. Mwili una njia ya kuizima jeni kwa kuibandika vipande vidogo vya kemikali, na katika saratani kadhaa fundi huyu hukutwa amezimwa. Wakapima utando wa wagonjwa hao ulioonekana mzima. Katika wengi wao, fundi alikuwa amezimwa katika baadhi ya seli hata sentimita 10 kutoka kwenye uvimbe. Umbali huo si wa kusukumwa na jirani, ati!

Mimi naona pande zote mbili zina haki, ila zilikuwa zikitazama vitu tofauti. Ute hubadilika upesi kwa sababu nyingi, kama mtu anavyobadili shati. Jeni iliyozimwa ni alama ya zamani zaidi, na seli hurithishana tangu chini ya kishimo.

Hata hivyo daktari hawezi kukata utumbo wote kwa kuushuku tu. Hukata anachopaswa kukata, kisha kwa kawaida mgonjwa huitwa tena baada ya mwaka mmoja hivi, ajapokuwa anajisikia mzima wa afya. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa hadi mwisho wa utumbo mpana uliobaki. Penye mshono hutazamwa, na kote kwingine hutazamwa vile vile, na kivimbe chochote kinachoonekana hukatwa kingali kidogo.