Mbegu na Udongo: Majirani wa Saratani

Wengi hudhani kwamba uvimbe wa saratani ni rundo la seli mbovu tupu. Sivyo. Ndani yake mna pia seli za kawaida za mwili: zifumazo nyuzi za kushikilia viungo, za mishipa ya damu, na askari wa kinga. Hizo si saratani, lakini mwenendo wa ugonjwa huzitegemea sana.

Mwaka 1889 tabibu wa London, Stephen Paget, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kuwa ugonjwa ulishambulia ini mara nyingi, ilhali wengu ulisalimika mara nyingi. Akafananisha seli ya saratani na mbegu, na kiungo na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu ardhi inapoikubali.

Ardhi huikubali vipi? Mtu akijikata kwa kisu, seli za nyuzi hufika jerahani, hufuma nyuzi mpya na kuita mishipa ya damu. Jeraha likifunga, hutulia. Saratani hughilibu utaratibu huo. Huwaita mafundi hao kana kwamba pana jeraha, wala haiwaambii kwamba kazi imekwisha. Ndiyo maana mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston aliuita uvimbe jeraha lisilopona. Mafundi huulisha, huufungulia njia, na huweza kuujengea ukuta unaozuia kinga na hata dawa, kama ilivyo katika saratani ya kongosho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Je, mafundi wafukuzwe wote? Mwaka 2014 watafiti walichapisha majaribio ya namna hiyo kwa panya wenye saratani ya kongosho: ugonjwa ulizidi ukali. Kumbe baadhi yao walikuwa wakiuzuia. Udongo basi hutengenezwa, haung'olewi. Zipo dawa, kama bevasizumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, ambazo kazi yake ni kuzuia mishipa mipya ya damu. Nyingine huamsha kinga.

Nasi tunaowafasiria wazazi wetu hospitalini tusiseme tu kwamba kila dawa ni ya kuua uvimbe. Tumuulize daktari: dawa hii yapiga mbegu, au yatengeneza udongo? Mgonjwa ana haki ya kulielewa jibu hilo kwa lugha yake.