Ukiinua mkono, spika inajibu: Kamera inavyougeuza mwili kuwa ala ya muziki

Wachezaji wa msewe kisiwani Pemba wanajua zamani kwamba mwili unaweza kuwa ala ya muziki. Ngoma hiyo imepata jina kutokana na misewe inayofungwa miguuni mwa wachezaji. Mguu ukikanyaga, sauti inatoka hapo hapo.

Sasa ipo teknolojia inayofanya kitu cha aina hiyo bila kufunga chochote mwilini. Inatumia kamera tu.

Inafanyaje kazi?

Kamera inakuchukua video, na programu inatafuta viungo vyako katika kila picha: mabega, viwiko, magoti, miguu. MediaPipe ya Google, ambayo ni ya bure, inatambua pointi 33 za mwili. Mahali pa kila pointi panageuzwa kuwa namba, na namba ndizo zinazoamuru sauti. Unapanga mwenyewe: mkono ukipanda, sauti iongezeke, ukigeuka, mwangwi uingie.

Ni mpya?

Wazo si jipya. Msanii David Rokeby wa Canada alikuwa akilifanya tangu miaka ya 1980. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kamera ya michezo ya Xbox, na wanamuziki wakaidaka. Leo hata laptop yenye kamera inatosha kuanzia.

Shida iko wapi?

Ni kuchelewa. Kamera ya picha 30 kwa sekunde inakuona mara moja kila milisekunde 33 hivi. Ongeza muda wa programu kukokotoa na sauti kufika kwenye spika. Kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka, huenda usigundue. Lakini kwa ngoma ya kukanyaga, pigo likichelewa kidogo tu mchezaji anatoka kwenye mdundo.

Mwanga hafifu, nguo pana kama kanzu, na wachezaji kuzibana mbele ya kamera pia huichanganya programu.

Sasa itumike wapi?

Pigo iachie misewe. Kamera ipe kazi ambazo misewe haiwezi: kupandisha sauti, kuongeza mwangwi, kubadilisha ala. Inamfaa pia mtu asiyeweza kukanyaga, maana hata kichwa au kiwiko kinaweza kupewa sauti yake.

Kabla ya onesho, jirekodi kwa simu ukipunga mkono. Ukiona sauti inabaki nyuma ya mkono, usiitegemee kushika mdundo.