Kuhakiki Kadi Moja Moja: Yaliyonipata kwa Seti ya Kadi 180

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa bwenini aliniletea bahasha ya kaki yenye kadi 180 alizozitunga mwenyewe, kazikata kwenye karatasi ya manila na kuziandika kwa mkono. "Si wewe ndiye mhakiki? Haya, hakiki." Nilikesha nazo usiku mmoja, nikaipa kila kadi alama kati ya kumi kama mwalimu asahihishaye insha. Katika makala haya ninakusudia kueleza kwa nini alama hizo karibu zote zilikuwa za uongo, na kadi ya namna hii inapaswa kupimwa vipi.

Kwanza tuuelewe mchezo. Hizi si karata za kopa na shupaza, ingawa ni jamaa zake. Asili yake ni Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993. Kwa kawaida kadi ina jina, picha, gharama, na maandishi yanayosema inafanya nini. Mchezaji huanza na uhai 20, ukiisha, ameshindwa. Gharama hulipwa kwa nguvu iitwayo mana, inayotoka kwenye kadi za ardhi. Mwenzangu alifuata sheria hizo hizo, ila dunia yake ni ya baharini: manahodha, vyombo, majini na pepo za msimu.

Seti yake ni ya kuchaguliwa kwa zamu. (Wenyewe huita drafti, lakini jina hilo kwetu lina mwenyewe tayari, pale chini ya mwembe kwenye vizibo vya soda.) Watu wanne hukaa duara, kila mmoja ana mafungu matatu ya kadi 15. Unafungua fungu, unachukua kadi moja, zilizobaki unampa jirani, nawe unapokea za jirani wa upande wa pili. Mwishoni kila mtu ana kadi 45. Anateua 23 hivi, anaongeza ardhi 17, bunda lake la kadi 40 limekamilika.

Sasa tuje kwenye kosa langu. Mwanafasihi hupenda ulinganifu. Tunahesabu mizani, tukiona zimelingana tunaridhika. Hebu tuangalie kadi tano za toleo lile la 1993: Ancestral Recall, Dark Ritual, Giant Growth, Healing Salve na Lightning Bolt. Kila moja inagharimu mana moja, na kila moja inatoa tatu za kitu fulani: kuvuta kadi tatu, kupata mana tatu, kumwongezea kiumbe nguvu tatu kwa zamu moja, kuokoa uhai wa tatu, kumchoma mtu kwa tatu. Kwa jicho la fani ni beti tano za shairi moja, vina vimekaa sawasawa. Lakini ziweke mezani! Ile ya kuvuta kadi tatu ina nguvu mno hata mashindano makubwa ama yameipiga marufuku kabisa ama yanaruhusu nakala moja tu. Ile ya kuokoa uhai, nani anaihangaikia? Tatu ya huku siyo tatu ya kule. Ulinganifu ulikuwa wa karatasi tu, na mtunzi wake alikuwa bingwa wa hesabu, seuze sisi wa manila.

Mimi nilifanya vile vile. Kulikuwa na kadi iitwayo Upepo wa Kusi: vyombo vyako vyote vinaongezewa nguvu mbili. Jina zuri, dhamira imeshikana na seti nzima. Nikaipa tisa. Tulipocheza, ilikuwa inazunguka meza nzima na kurudi, watu wanaisukuma kama sahani ya mboga iliyochacha. Kumbe nilisahau kuhesabu. Katika kadi zote 180, vyombo vilikuwa 12 tu, yaani wastani wa chombo kimoja kwa kila fungu. Vikigawanyika sawa, kila mchezaji anapata vitatu. Sasa upepo uvume kwenye tanga lipi? Thamani ya kadi ile haikuwa imeandikwa juu yake. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi nyingine, na hizo hazikuwepo.

Ila Upepo wa Kusi haukumuumiza mtu. Kilichoniuma ni Mlinzi wa Bandari. Huyu gharama yake mana mbili, kushambulia moja, kustahimili nne. Hana maandishi yoyote, anasimama tu. Kwa lugha ya darasani ni mhusika bapa. Nikampa mbili, pembeni nikaandika "anachosha", na mwenzangu, kwa kuniamini, akamtoa pamoja na wenzake wawili wanaofanana naye, akaweka washambulizi watatu wepesi.

Seti ikafa. Si utani. Mwenye viumbe wadogo wa haraka alikuwa anamaliza mchezo kabla mwingine hajafikisha ardhi ya tano, na zile kadi kubwa za majini, ambazo mwenzangu alizitungia picha wiki nzima, hazikuwahi kutoka mkononi. Kumbe yule asiyesema kitu ndiye aliyekuwa akiwanunulia wengine muda wa kusema. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kadi si "ni nzuri?", bali "ikiondoka, nani mwingine atashindwa kufanya kazi?"

Na swali la pili ni la wakati wa kuchagua. Kuna Nahodha Mzee: mana tatu, nguvu mbili kwa mbili, akiingia unavuta kadi. Bunda lolote la rangi yake linamtaka, kwa hiyo kila amwonaye anamchukua bila kufikiri. Wengi wataiita kadi bora. Mimi naona ina kasoro, kwa sababu inamnyima mchaguaji kazi yake. Hakuna cha kupima. Mwenzangu hakubaliani nami, anasema seti nayo inahitaji pahala pa kupumzikia. Huenda.

Siku hizi hatutoi alama tena. Tunaandika kila kadi imechukuliwa ya ngapi kutoka kwenye fungu lake, na kama iliyochukuliwa kweli ilichezwa. Vyombo sasa vimefika 28, na Kusi juzi ilichukuliwa ya nne. Mlinzi wa Bandari amerudi, ila kwa mwandiko tofauti, maana kadi ya kwanza mwenzangu alishaichana.